Majani ya Mwasumini Yalipojikunja

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Wasomaji wapenzi, wiki hii sikuja na mas-ala ya mirathi wala ya eda. Nimekuja na habari ya mti mmoja ulio nyumbani kwangu, ghorofa ya tatu, mtaa wa Umoja, huku Eastlands, Nairobi. Majani yake yalijikunja, na katika kutafuta sababu nilimtuhumu mtu asiye na hatia. Mtu huyo ni mkaza mwanangu. Nimemwomba ruhusa niandike kisa hiki, naye amekubali kwa masharti mawili: nisitaje jina lake, na nisijipunguzie makosa yangu. Sharti la kwanza ni jepesi.

Mti wenyewe ni mwasumini, nanyi watu wa pwani sina haja ya kuwasifia. Asili ya huu wetu ni uani kwa mkwe wangu, Langoni, Lamu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kila jioni, baada ya sala ya Alasiri, mama yule alitoka na kisahani kuchuma asumini zikiwa bado matumba, kwa kuwa ua hili hufumbuka usiku, na mchumaji akichelewa hukuta limekwisha kufunguka. Alizitunga pamoja na mrihani na mkadi, akafanya vikuba, kimoja chake na vingine vya mabinti zake na majirani. Alipofariki, miaka minne iliyopita, mke wangu alikaa Lamu mpaka arubaini ikapita. Siku ya kuondoka alikata vijiti vitatu vya mwasumini ule, akavifunga kwa kitambaa kibichi, akavuka navyo hadi Mokowe, kisha akapanda basi la Nairobi akiwa amevipakata mapajani. Viwili vilikauka njiani. Kimoja kilishika. Wako waliorithi dhahabu kwa mama zao. Mke wangu alirithi kijiti.

Alikipanda katika mkebe wa mafuta ya kupikia alioutoboa chini kwa msumari, akauweka kwenye roshani panapopata jua la asubuhi. Nairobi si Lamu. Mji huu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa Julai joto hushuka hadi chini ya nyuzi 15, wakati ambapo Lamu watu wamelala madirisha wazi. Hata hivyo mti ulizoea. Ulikua polepole, na mwaka wa pili, katika miezi ya joto baina ya Januari na Machi, ukatoa maua. Usiku wa ua la kwanza mke wangu alifungua mlango wa roshani akasimama pale kimya kwa muda mrefu. Sikumwuliza kitu.

Mwaka huu, siku ya Idi ya Mfunguo Tatu, mwanangu alimletea mama yake chungu kizuri cha rangi ya buluu, kinachong'aa kama sahani ya kaure. Yeye na mkewe na mtoto wao wa miaka sita wanakaa nasi. Sote tulifurahi. Tuliuhamisha mti siku ileile, na kwa kuwa baridi ilikuwa imekaribia tukauingiza sebuleni, pembeni, mahali ambapo kila mgeni angeuona. Nikasema, "Masha Allah, sasa umepata jumba."

Baada ya wiki tano au sita majani yakaanza kujikunja. Yalijikunja kuelekea chini, yakapoteza mng'ao, mengine yakageuka manjano na kudondoka yakiwa laini, pasi na kukauka. Hapo kila mtu akawa tabibu. Jirani mmoja alisema ni wadudu. Mgeni mmoja alimnong'oneza mke wangu kwamba hilo ni jicho. Mimi nikaenda duka la pembejeo za kilimo nikanunua dawa ya wadudu, nikaipuliza mle sebuleni pasi na kusoma maelezo yake. Mke wangu alikohoa siku mbili na mjukuu wangu akawashwa macho. Majani yakaendelea kujikunja, kwa kuwa wadudu niliowapiga vita hawakuwako.

Ama habari ya jicho, mimi siikanushi. Jicho ni haki, Mtume (S.A.W.) amelithibitisha, na kinga yake tunaijua. Lakini si kila jani linalojikunja limetazamwa kwa husuda. Mara nyingi twamsingizia jirani jicho ili tusiitazame mikono yetu wenyewe.

Mwezi wa Agosti mke wangu alikwenda Mombasa kwenye harusi ya jamaa, akakaa siku kumi. Alimwachia mkaza mwanangu amana ya kuutazama mti. Aliporudi alikuta nusu ya majani yameanguka. Hakusema neno, ila usiku nilimsikia akilia, naye alidhani nimelala. Kesho yake, tukiwa mkekani kwa chakula cha usiku, mwanangu yupo na mtoto yupo, nikasema: "Mti huu umekosa maji. Aliyeachiwa amana hakuitunza." Kisha nikaongeza neno ambalo naona haya kuliandika: "Asumini ni mti wa pwani. Mtu wa bara atajuaje thamani yake?"

Mkaza mwanangu ni binti wa Makueni. Alisilimu kwa hiari yake kabla ya kuolewa, na leo anasoma Qur'ani vizuri kuliko baadhi ya vijana waliozaliwa mlangoni mwa msikiti. Hakunijibu. Alikusanya sahani akaenda kuziosha. Mwanangu alinitazama, kisha akatazama chini. Mke wangu alisema neno moja tu: "Sheikh!" Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikalichukua neno lile kuwa ni huruma ya mwanamke, nikaendelea kula.

Toka siku hiyo nikajitwika mwenyewe kazi ya kuumwagilia. Nikitoka kutawadha kwa Alfajiri, maji yaliyosalia katika kopo nayapeleka kwenye chungu. Nilipoona majani yazidi kujikunja, nikaongeza kikombe cha jioni. Siku moja mjukuu wangu akasimama nyuma yangu akaniuliza: "Babu, mbona unaumwagia tena? Mama alisema hiki chungu hakina tundu."

Nilikiinamia chungu nikapapasa chini yake. Hakikuwa na tundu hata moja.

Nilimwita mkaza mwanangu. "Mwanangu, ulijua kwamba chungu hiki hakina tundu?"

"Ndiyo, baba. Niliona siku ileile ya Idi."

"Mbona hukuniambia?"

Aliinamisha macho. "Siku ile ilikuwa zawadi ya mume wangu kwa mama yake, nikaona haya kuitia dosari. Baadaye nilitaka kusema, baba, lakini ulikuwa umekwisha kusema kwamba mtu wa bara hajui."

Nimekaa juu ya mimbari miaka mingi, nami sikumbuki kuwahi kukosa neno kama nilivyokosa saa ile. Nilichoweza kusema ni: "Basi nionyeshe."

Alitandika magazeti ya zamani kwenye roshani, akautoa mti nje. Jambo la kwanza alilofanya ni kugeuza majani, moja baada ya moja, akatazama upande wa chini, ambako mimi mwenye kupuliza dawa sikuwa nimepatazama hata mara moja. Palikuwa safi. Pili, alitia kidole udongoni, kikazama kama katika uji, kikatoka na tope. Tatu, alikilaza chungu ubavu akauvuta mti taratibu. Harufu iliyotoka ilikuwa ya mtaro. Chini ya chungu palikuwa na maji yaliyosimama, yapata gilasi mbili. Mizizi, ambayo ikiwa na afya huwa myeupe na migumu, ilikuwa ya kahawia, laini, ganda lake likivuka kwa kuguswa tu.

"Baba," akasema, "mti huu una kiu."

Nikamwuliza utakuwaje na kiu nao umekaa ndani ya maji. Akanieleza kwa upole, kama ninavyowaeleza watoto wa chuoni. Mizizi nayo hupumua. Udongo ukijaa maji, hewa hukosa nafasi. Mizizi ikikosa hewa huoza. Na mzizi uliooza hauwezi kupeleka maji juu. Jani nalo, likikosa maji, hujikunja ili jua na upepo visilikaushe upesi. Ndiyo maana mti ulionyimwa maji na mti uliozamishwa hufanana kwa mtazamaji wa mbali. Mwenye haraka huitibu yote miwili kwa dawa moja, yaani maji, na dawa hiyo huponya mmoja na kuua wa pili.

Kisha tukahesabu. Mke wangu alikuwa akiumwagilia kila asubuhi, kwa kuwa ni mti wa mamake. Mwanangu aliumwagilia kila akirudi kazini, kwa kuwa chungu ni zawadi yake. Mimi nilileta masalio ya udhu. Mtoto naye alitia kikombe chake kwa siri ili ukue haraka. Kila mmoja wetu alidhani wenzake wameusahau. Na huku kwetu maji ya bomba huja kwa zamu; wiki nyingine twanunua mitungi ya lita 20 kwa wasukuma mikokoteni. Sisi tuliofunzwa tusifanye israfu ya maji hata katika udhu, tulikuwa tukinunua maji ya kuuzamishia mti wa marehemu.

Mtu mmoja tu katika nyumba ile hakuwa akimimina. Zile siku kumi alizoachiwa amana, mkaza mwanangu aliuona udongo umelowa, akauacha kwa makusudi upate kukauka kidogo. Kumbe majani yaliyoanguka siku zile yalikuwa yameuawa na sisi tangu mwezi uliotangulia. Aliyeitunza amana ndiye niliyemwita mwenye kuipoteza.

Matibabu aliyafanya yeye, mimi nikashika magazeti. Alipangusa mkasi kwa spiriti, akakata mizizi yote iliyooza mpaka akafika penye uzima, akaisuuza iliyobaki. Mke wangu akaleta ule mkebe wa zamani, ambao kumbe hakuutupa, alikuwa akiwekea vibanio vya nguo. Udongo aliuchanganya hivi: mafungu mawili ya udongo mzuri, fungu moja la mchanga wa mto, na fungu moja la samadi iliyokwisha kuoza kabisa. Alipunguza matawi kiasi cha thuluthi, akisema mizizi michache haiwezi kulisha jamii kubwa. Aliumwagilia mara moja, maji yakatoka chini kupitia matundu, akauweka roshani, pembeni, mahali penye jua la asubuhi na pasipo upepo mkali. Na usiku wa baridi kali tukauingiza ndani, tukautoa tena asubuhi. Baada ya hapo amri yake ilikuwa moja: asimwagilie mtu mpaka atie kidole na kukuta udongo umekauka hadi pingili ya kwanza. Na mbolea isitiwe mpaka majani mapya yatoke, kwani mgonjwa halishwi biriani.

Mama zangu na dada zangu, najua katika nyumba zenu mna mirihani ya kwenye makopo, shubiri za dirishani, pengine mlimau au mpilipili katika ndoo. Nimeandika alivyonifunza, mpate faida nasi tupate thawabu.

Jani likijikunja kuelekea juu au ndani, kingo zake zikiwa kavu na za kuvunjika, na udongo ukawa mwepesi na umeachana na ukuta wa kopo, hiyo ni kiu ya kweli. Tia maji polepole mpaka yatoke chini, kisha uache.

Jani likijikunja kuelekea chini, likawa laini na la manjano, na udongo ni mzito wenye harufu, hayo ni maji kupita kiasi. Tazama tundu kwanza. Kama chungu ni kizuri na hakina tundu, panda katika kopo lenye matundu, kisha uliweke kopo ndani ya chungu, na kila ukimwagilia ulitoe, maji yachuje, ndipo ulirudishe.

Yakijikunja majani machanga ya nchani peke yake, yakawa yamepindapinda, yageuze. Ukiona vidukari wamejazana, au majani yananata, au sisimizi wanapanda na kushuka shinani, hao ndio wenye kunyonya utomvu. Ukiona nukta ndogo za manjano na utando mwembamba kama wa buibui, ni utitiri, nao hupenda hewa kavu. Osha majani kwa maji, hasa upande wa chini, kisha nyunyiza maji yenye sabuni kidogo sana ya kuoshea vyombo, urudie baada ya siku chache mpaka waishe. Jaribu kwanza kwenye jani moja, na usifanye hivyo jua likiwa kali. Ama dawa za dukani, msipulize ndani ya nyumba mnamolala watoto. Somo hilo nimelilipia.

Yakijikunja majani ya upande mmoja tu, ule unaoelekea dirishani au mlangoni, tafuta upepo wa baridi au jua la kuchoma, uusogeze mti. Na ncha zikiwa za kahawia, huku udongo umefanya ukoko mweupe juu, shuku chumvi. Maji ya visima virefu vya Nairobi mara nyingi huwa na chumvi na floraidi nyingi. Kinga maji ya mvua ikinyesha, hata ndoo moja, uyaweke kwa ajili ya mimea.

Utaona kwamba katika yote haya dawa ndiyo hatua ya mwisho. Kwanza ni kugeuza jani, kutia kidole, kutazama tundu na mizizi. Mimi nilianza na dawa, kisha nikafuatisha hukumu. Sura ya Al-Hujurat, katika aya ya 6, hutuamrisha kuhakiki habari kabla ya kuijengea hukumu, na aya chache mbele hutukataza kuwadharau watu wengine. Nimeifundisha sura hiyo kwa zaidi ya miaka 20, nami nilizivunja amri zote mbili kwa kikao kimoja cha chakula.

Na lile neno langu la "mti wa pwani" nililirudia moyoni mara nyingi. Mwasumini asili yake si Lamu wala Mombasa. Kwao ni Bara Hindi na nchi za jirani, na hata jina lake twalipata kutoka lugha ya Kiajemi. Ulikuja kwetu ukiwa mgeni, wazee wetu wakaukaribisha nyuani mwao, wakaupa maji na heshima, hata leo hatuwezi kuwaza arusi bila ya harufu yake. Basi ningewezaje mimi kuutumia mti huo kumwita mwanangu mgeni?

Usiku uleule, baada ya Isha, niliwaita wote mkekani, mahali palepale niliposema neno langu, kwa kuwa kosa lililofanywa mbele ya watu haliombewi radhi chooni. Nilimwambia mkaza mwanangu mbele ya mumewe na mwanawe: "Mwanangu, nimekudhulumu mara mbili, kwa amana na kwa asili yako. Nakuomba radhi." Alilia. Akasema, "Nimekusamehe, baba, wa duniani na wa akhera." Mjukuu wangu akauliza iwapo sasa ataruhusiwa kuumwagilia mti. Sote tukasema hapana.

Wasomaji wapenzi, mti haujachanua bado. Nilipohesabu leo asubuhi una majani mapya saba, yamenyooka. Chungu cha buluu hatukukitupa. Mwanangu amekipeleka kwa fundi wa vigae akakitoboa, nacho kinangoja msimu wa joto. Na yale matawi yaliyokatwa siku ile, mke wangu hakukubali yatupwe. Alichagua vijiti vitano akampa mkaza mwanangu, akamwambia: "Panda, mwanangu. Mama angalikuwa hai angalikupa kwa mkono wake." Viwili vimeshika, viko katika kopo la maziwa ya unga kwenye dirisha la jikoni. Ni vyake. Mwenyezi Mungu akipenda, binti wa Makueni atakuja kuvitungia vikuba mabinti zake kwa asumini ya Langoni.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuhakiki kabla ya kuhukumu, na atujaalie majumba ambamo aliye mdogo akijua jambo huweza kulisema. Wabillahi tawfiq.